Nauli Tuliyoinywa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, si ya harusi yangu wala siku uliyozaliwa wewe. Ni Alhamisi moja ya mwezi wa tano, katika nchi ya watu, nimekaa kwenye baa yenye madirisha makubwa, glasi mkononi, najiona mtu. Ningependa nikuambie kwamba naikumbuka kwa furaha. Naikumbuka kwa aibu, na aibu yenyewe haijapungua hata kidogo ingawa nywele zimeshakuwa nyeupe.

Wewe kisa hiki umeshakisikia. Umekisikia kwenye sherehe, na umekisikia mwaka jana kule Makambako kwenye matanga ya marehemu Festo, niliposimama nikasimulia jinsi Festo alivyoagiza bia Ulaya utadhani yuko kilabuni kwetu. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Mke wa Festo naye alicheka, maskini. Nilirudi kukaa kwenye benchi na moyo ukaniuma vibaya sana. Leo nakisimulia upya, kwa sababu Jumatatu unaondoka kwenda nje ya nchi kusomea mambo ya kufungasha parachichi, na sitaki uende na kile kisa cha uongo. Kaa chini. Acha hilo begi, zipu haitakimbia.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, napasua mbao hapa Njombe, na kwenye kwaya ya usharika naimba besi. Usharika wetu ulikuwa na marafiki Norwei, watu wa kanisa kama sisi, na mwaka ule wakachangishana, wakatukatia tiketi wanakwaya kumi na wawili tukawaimbie. Hebu fikiria. Mtu ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kupeleka mbao Iringa, leo anapanda ndege! Festo naye alikuwemo. Alikuwa kijana wa Makambako, wakati ule anaishi hapa Njombe, besi mwenzangu, tulikuwa hatuachani. Yeye alikuwa na mdomo na vichekesho, mimi nilikuwa na majivuno. Watu walidhani mdomo ndio hatari.

Mama yako nilikuwa nimeshamchumbia. Babu yako Lukas, baba yake, alikuwa pale pale Makambako, mzee wa maneno machache, akikutazama unajikagua vifungo. Nikirudi safari nilitakiwa kwenda ukweni na kitu mkononi. Basi nikauza mbao zangu zote, pesa nikaibadilisha, nikaificha ndani ya soksi ya kushoto. Nilitaka nimpelekee mzee chupa ya Ulaya, chupa ambayo Makambako nzima ingeiongelea. Ndiyo hiyo iliyoko kabatini, ambayo tangu ukiwa mtoto unaifuta vumbi na kuuliza mbona haifunguliwi. Subiri, tutafika.

Tulipofika Norwei tukagawanywa majumbani. Mimi na Festo tukapelekwa kwa mzee mmoja anaitwa Arne. Alikuwa amestaafu kazi ya kufagia shule, mkewe alishafariki, anaishi peke yake kwenye vyumba viwili huko ghorofani. Alikuwa amejifunza neno moja la kwetu, "kamwene", na kila akituona, hata tukitoka chooni, anatuamkia "kamwene!" Tulimpenda. Kitanda chake alitupa sisi, yeye akalala kwenye kochi, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani kwenye kochi ndiko anakopenda kulala.

Jioni ya kwanza akatuonyesha picha ukutani. Msichana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, anaitwa Kari. Mjukuu wake wa pekee. Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea, na changu pia, kwa hiyo tulielewana vizuri. Kari alikuwa anapata kipaimara Jumapili ile ile, huko kaskazini, mbali sana, ni safari ya siku nzima kwa treni. Mzee na binti yake, mama wa huyo Kari, walikuwa wamekosana muda mrefu. Lakini msichana mwenyewe alikuwa ameandika barua: Babu, njoo. Chini ya picha kulikuwa na bahasha, na juu ya bahasha Kari alikuwa amechora treni kwa kalamu za rangi, na kichwa cha mzee kikichungulia dirishani. Ndani yake ndimo mzee alimokuwa anaweka nauli, kidogo kidogo, tangu majira ya baridi. Aliipigapiga ile bahasha kwa kidole, akacheka kama mtoto. Kwa hiyo, mwanangu, nilijua. Asije mtu akakudanganya kwamba sikujua.

Alhamisi hiyo mzee alituambia tumsindikize stesheni akakate tiketi, na njiani atuonyeshe mji. Bahasha aliitia mfuko wa ndani wa koti. Tukatembea, jua zuri, watu wamekaa nje ya baa wanaota jua kama sisi tunavyoota moto. Festo akageuza shingo kutazama glasi za watu. Mzee akamwona, akacheka, akasimama. Akainua kidole kimoja.

"Bia moja moja," akasema, "kwa ajili ya wageni wangu."

Moja moja. Niliisikia kwa masikio yangu haya.

Hapa nikukumbushe jinsi sisi tulivyolelewa, maana nyinyi wa siku hizi mnakunywa soda kila mtu na chupa yake. Kilabuni kwetu, mwenyeji akikununulia ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, yeye anaonja kwanza. Anaonja mbele yako, uone ni kinywaji kisafi, halafu anakukabidhi ile mbeta, kopo la mwanzi, uendelee. Akishaonja, basi umekaribishwa, na yeye ndiye mwenye shughuli. Mgeni haulizi bei. Kuuliza bei ya kitu unachopewa ni kumtukana aliyekupa. Na ukomo wa kunywa haukuwa maneno ya mtu, ulikuwa ni jua. Giza likiingia kilabu kinafungwa, kila mmoja anatafuta kwake.

Sasa tazama. Glasi tatu zikaletwa. Mzee Arne akanyanyua yake, akaonja kidogo tu, akaiweka chini, akajifuta povu mdomoni, akatutazama huku anatabasamu. Nikamnong'oneza Festo kwa Kibena, "Ameonja. Tumekaribishwa." Kumbe mzee wa watu alikuwa anaivuta polepole ile glasi moja kwa sababu alijua bei yake! Hiyo ndiyo iliyokuwa bia yake ya mwezi mzima, nadhani. Nilimaliza ya kwangu kabla yeye hajafika robo.

Na sasa lile ninalopaswa kulisema. Mkono ulionyanyuka kuagiza nyingine ulikuwa huu, wa kulia, wangu mimi Elia. Haukuwa wa Festo. Festo alinivuta shati chini ya meza. Akasema, "Tumuulize kwanza mzee." Nikamjibu, "Utamtia aibu! Na Mzungu huyu, bia itamshinda?"

Dada wa baa akaleta. Mzee akalitazama lile sinia, akafumba mdomo, kisha akatabasamu tena. Tukaimba wimbo mmoja wa kwaya, watu wakapiga makofi. Nikanyanyua mkono tena. Meza ya jirani kulikuwa na vijana wawili wametushangilia, na sisi kwetu hatunywi wenyewe huku wenzetu wanatutazama, kwa hiyo nikawaagizia na wao. Nikawa natazama dirishani kuona jua limefikia wapi, nijue kama muda wa kuondoka umefika. Mwanangu, saa mbili usiku jua linawaka kana kwamba ni alasiri! Mwezi wa tano huko jua halina habari ya kuzama. Nikasema mchana ungali mrefu, nikanyanyua mkono. Mzee alicheka nasi, alijaribu hata kuimba besi. Glasi yake ilikuwa ileile ya kwanza.

Karatasi ya malipo ilipokuja niliiona kichwa chini, kutoka upande wangu. Sikuwa mjinga wa hesabu, nauza mbao. Glasi moja pale, kwa pesa yetu, ingeninunulia madebe mawili ya ulanzi Makambako na mshikaki juu. Baadaye ndipo mwalimu wetu wa kwaya alinieleza kwamba serikali ya huko inaitoza pombe kodi kubwa makusudi, ili watu wasinywe ovyo, na wenyeji wengi hunywea majumbani kwao, au wakija baa huagiza moja wakakaa nayo. Maelezo mazuri, ila yalikuja nimeshakunywa.

Mzee aliisoma karatasi, akaisoma tena. Akatoa pochi, akamimina vyote vilivyokuwamo. Havikutosha. Ndipo akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha yenye treni. Akageukia dirishani kidogo, kama mtu anayetafuta mwanga, akahesabu. Hakututazama. Festo aliinamisha kichwa mpaka nikadhani analia. Na mimi? Pesa yangu ilikuwa kwenye soksi, mwanangu, chini ya meza. Nilitakiwa kuinama tu. Sikuinama.

Tulipotoka nje Festo akauliza kwa sauti ndogo, "Stesheni ni upande gani?"

"Imefungwa," mzee akasema. "Tutakwenda kesho."

Ng'ambo ya barabara stesheni yenyewe tunaiona, milango wazi, watu wanaingia na mabegi. Basi la kwenda kwake lilitupita, mzee hakulisimamisha. Tukarudi kwa miguu, yeye mbele, mikono mfukoni, na kila baada ya hatua chache anatugeukia kuhakikisha wageni wake hawajapotea.

Kesho yake bahasha haikuwa ukutani. Ilibaki picha peke yake. Mzee alishika simu muda mrefu jikoni, sauti ya chini, na alipotoka alituuliza kama tunataka mayai. Festo akanivuta chumbani. "Elia, tumemharibia mzee. Toa hiyo ya kwenye soksi, mimi nina kidogo, leo Ijumaa, treni ya kesho bado anaiwahi."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Na ukweni nitakwenda na nini? Isitoshe hawa watu wana benki." Nilisema hivyo. Kwa mtu aliyenipa kitanda chake. Nilivua soksi mara mbili siku ile, nikaitazama pesa, nikaivaa tena. Festo alichukua vipesa vyake akaviweka mezani kwenye sahani. Havikufika hata nusu ya nauli. Mzee akamrudishia, akampigapiga begani, akamwambia "kamwene", maana neno lingine la kumfariji hakuwa nalo.

Jumapili tuliimba. Mzee Arne alikuja kanisani na suti yake nyeusi, ile aliyokuwa ameinyoosha kwa ajili ya kipaimara, na ua dogo kifuani. Akakaa kiti cha mbele kabisa. Katikati ya wimbo wa pili akatazama saa yake, na nikajua anahesabu kwamba dakika hii Kari anapiga magoti huko kaskazini. Sauti ilinikatika. Watu walidhani nimeguswa na wimbo.

Usifikiri basi kwamba aibu ile ilinifundisha. Tulipokuwa tunarudi, kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, nikaingia lile duka lisilotozwa ushuru. Lo! Huko chupa nzima ya wiski ilikuwa bei ya glasi zile tatu tu za bia. Nikainama pale pale dukani mbele ya watu, nikavua kiatu, nikatoa pesa ya soksi. Pale niliweza kuinama. Festo alisimama mlangoni akanitazama, na hakunisemesha mpaka Dar es Salaam.

Wiki mbili baadaye tukaenda Makambako, Festo akiwa mshenga wangu. Babu yako Lukas akatupokea sebuleni, akaishika chupa, akaigeuzageuza, akaiweka mezani. "Huko mlilala kwa nani?" akauliza.

Nikasema tulilala kwa mzee mmoja mkarimu sana.

"Ana watu wake?"

"Ana mjukuu, baba."

"Na nyinyi mlimwachia nini?"

Nikanyamaza. Festo hakuwahi kuvumilia kimya maishani mwake, akaanza kueleza, na alieleza yote, bahasha, treni, suti nyeusi. Alipofika pale kwenye kuagiza akanitupia jicho mara moja, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nanyanyua mkono, mzee. Ushamba wangu. Elia alinikataza."

Alitaka nioe, mwanangu. Alijua mkwe mtarajiwa akionekana wa namna ile, mke hapati. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, ni mimi. Nafasi ilikuwa pana, mzee Lukas alinitazama mimi, si Festo, akasubiri. Nikatazama viatu vyangu.

"Mlimnywea nauli," mzee akasema. Halafu akaniuliza mimi, "Na pesa ya chupa hii siku hiyo ilikuwa wapi?"

"Kwenye soksi, baba." Hilo angalau nililisema.

Akainuka, akaichukua chupa. "Kinywaji anaonja aliyekitoa. Hiki amekitoa yule mzee. Siku akionja, na mimi nitakunywa." Akaifungia kabatini. Kisha akaniambia nikamwandikie barua, nimweleze nilichofanya, na jibu likija nilipeleke ndipo tuzungumze habari za binti.

Niliandika. Kwenye karatasi nilikuwa mwanamume kuliko sebuleni. Nilimwambia mzee Arne kwamba mkono ulikuwa wangu, na soksi ilikuwa yangu, na nikamtumia pesa niliyoipata baada ya kupasua mbao miezi miwili. Jibu lilikuja na picha ya Kari kwenye gauni la kipaimara. Nikalipeleka Makambako, nikakaa kwenye kiti kile kile, nikaanza kumtafsiria mzee Lukas, maana Kiingereza hakukijua. Festo yuko kando yangu. Mama yako yuko nyuma ya mlango wa jikoni anasikiliza, nilikuwa naona kivuli cha miguu yake. Barua naijua kwa moyo. Inasema hivi:

"Kamwene, Elia. Nimepokea pesa, ahsante. Nilikwenda kumwona Kari mwezi wa nane, tukala pamoja, na mama yake pia. Jioni ile ya baa nilicheka kuliko siku yoyote tangu mke wangu alipofariki. Ningeweza kusema basi, lakini mlikuwa wageni wangu, nikashindwa. Nakumbuka vizuri ni wewe uliyekuwa ukinyanyua mkono, na rafiki yako akikuvuta shati. Mpe salamu, yeye alikuwa ameiona hali yangu. Sitaki nikudanganye kwamba nilisamehe upesi. Mama yake Kari ameniambia mtoto alikuwa akitazama mlango wa kanisa ibada nzima."

Nilipofika pale penye mkono na shati, nikaruka. Nilisoma ya juu, nikasoma ya chini, ya katikati nikayapita kama mtu anayekwepa dimbwi. Mzee Lukas akatikisa kichwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Sawa. Festo, umesikia? Ushamba wako umesamehewa."

"Ahsante, mzee," Festo akasema.

Tukiwa njiani kurudi akaniomba barua aione mwenyewe. Alisoma shule moja na mimi, Kiingereza anakijua. Akaisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Harusi lini?" akauliza. Mpaka anakufa hakulitaja tena.

Mimi ndiye niliyekuwa nalitaja. Maana baada ya harusi kisa kilitembea, na kilitembea na jina lake. Makambako walimwita Bwana Glasi, mpaka watoto wa shule. Usharika wao ulipokuwa unatafuta wazee wa kanisa, jina la Festo likatajwa, mtu mmoja akasema, "Yule mnywaji wa Ulaya?" Wakacheka, likapita. Mwaka ule ule mimi nikachaguliwa huku Njombe. Nilikubali. Nikavaa suti nikaenda kuwekewa mikono. Na kila nilipoombwa kuchangamsha watu, nilikisimulia kile kisa, nikaongeza chumvi, Festo yuko pale amekaa, anacheka na wengine. Hakuwahi hata kukunja uso. Nimekisimulia hata jeneza lake likiwa limeshafukiwa, mwanangu. Mtu wa namna gani hufanya hivyo?

Mzee Arne alifariki bila kufika kwetu. Babu Lukas naye akafariki, chupa haijafunguliwa, ikarithiwa na mama yako kama kumbukumbu ya baba yake. Mama yako mpaka leo anamwona Festo kuwa rafiki aliyetaka kuniharibia uchumba, nami nimemwacha aamini hivyo muda wote huu.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo nililokuitia. Huko uendako watakukaribisha, na pombe itakuwepo, hata kama ni kaglasi kamoja ka kukupongeza. Uliza bei. Uliza kabla hujakaa, kwa sauti ya kawaida, huko si tusi. Hata madereva wa malori pale Makambako watakuambia, wakienda Zambia bia wanaikuta haijapishana sana na yetu, lakini zipo nchi nyingine ambako ukiingia hotelini bia moja ni posho yako ya siku, na zipo ambazo ukikutwa nayo barabarani unalala mahabusu. Usipime nchi ya watu kwa kilabu cha kwenu, wala usipime jua lao kwa jua letu. Wewe una simu, ibadilishe bei iwe shilingi hapo hapo, uone inalingana na madebe mangapi ya viazi vya Makete, ndipo mkono unyanyuke. Mwenyeji akisema moja, ni moja. Akiwa anaonja polepole, tazama kwa nini anaonja polepole. Na usije ukaniambia Mzungu hakosi, ama Mwarabu, ama Mchina. Angalia analala wapi mtu aliyekupa kitanda.

Lakini hayo ya bei utayajua kwa wiki moja, wewe una akili kuliko mimi. Zito ni hili lingine. Utakosea huko, lazima. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, pesa ikiwa bado iko kwenye soksi na treni haijaondoka. Mimi Ijumaa ile ningeweza kulimaliza lote kwa kuinama mara moja tu. Nimekuja kulibeba mpaka uzee, na nusu ya mzigo nilimtwisha mwenzangu. Na mtu akijitolea kukubebea kosa lako, usimwachie hata kama linakupa mke. Eh, nimesema. Mama yako nampenda, na bado nasema.

Barua ya mzee Arne iko ndani ya Biblia yangu kubwa, kwenye Zaburi. Macho yangu yanaona vizuri tu, sitakudanganya kwamba ni macho. Ni kwamba nilishawahi kuisoma nikaruka, na mama yako ana haki ya kuisikia kwa mdomo ambao hautaruka. Wewe Kiingereza umekisoma kunizidi. Yuko jikoni anamenya viazi. Nenda ukamsomee yote, mstari wa mkono na shati umsomee mara mbili, mimi nitakaa hapa hapa. Atakachokuja kuniambia nitakipokea.

Njoo kwanza nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa babu yako Lukas akutangulie, mwanangu, akupe wenyeji wema, nawe akufanye mgeni ambaye mwenyeji wake anabaki na nauli yake. Akupe ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi". Akurudishe nyumbani ukiwa unaweza kututazama usoni wote. Amina.

Na Jumatatu usiniage stendi. Nimekata tiketi mbili, tutapanda basi moja. Wewe utaendelea mpaka Dar, mimi nitashuka Makambako, kwa mke wa Festo. Ukimaliza kumsomea mama yako, nirudishie hiyo barua. Nitaihitaji.